Shahada ya India: kabla ya kuhesabu miaka, jua nani anakutunuku

*“Nimemaliza Kidato cha Sita, kombi ya EGM, nikapata daraja la pili pointi 10: Uchumi C, Jiografia C, Hisabati D. Wakala mmoja wa Dar amenipatia barua ya udahili wa BCA, shahada ya matumizi ya kompyuta, kwenye chuo kimoja Bengaluru, India, na ‘ufadhili’ wa nusu ada. Anasema ni shahada ya miaka minne, ila naweza kutoka mwaka wa kwanza na cheti, wa pili na diploma, wa tatu na shahada. Anasema pia BCA ni sawa tu na uhandisi wa kompyuta. Baba mdogo anapinga: shahada za India za miaka mitatu hazitambuliki, nikirudi nitaifungia kabatini. Kwenye barua kuna jina la chuo, na chini yake kwa maandishi madogo jina la chuo kikuu kingine. Wakala anataka amana kabla ya Ijumaa, la sivyo nafasi inakwenda kwa mwingine. Anasema hata mdogo wangu aliyemaliza Kidato cha Nne anaweza kuja naye na kuanza shahada moja kwa moja. Baba ana kiwanja, yuko tayari kukiuza. Nifanyeje?”*

Mdogo wangu, tuanze na Ijumaa: usilipe. Nafasi ya BCA Bengaluru si siti ya basi la Mwanza siku ya mkesha wa Krismasi. Vyuo binafsi vya India vinatafuta wanafunzi wa kigeni mwaka mzima, na chuo kinachokutaka Jumatano kitakutaka na Jumatatu. Anayebanwa na Ijumaa ni wakala, kwa sababu zake za kamisheni.

Sasa nikuelewe vizuri. Umeuliza mambo manne au matano kwa pamoja, lakini hofu ni moja: kiwanja cha baba kisije kikageuka karatasi isiyo na kazi. Hofu hiyo ni halali. Ila wewe, wakala na bamdogo wote mnabishana juu ya idadi ya miaka, na miaka si jambo la kwanza. La kwanza ni lile jina la maandishi madogo.

India ina vyuo vikuu zaidi ya 1,100 na vyuo vya kawaida zaidi ya 43,000. Hayo makumi elfu ya vyuo vya kawaida hayana mamlaka ya kutoa shahada. Sheria ya mwaka 1956 iliyounda tume yao ya vyuo vikuu, UGC, inasema katika kifungu cha 22 kwamba shahada itatolewa tu na chuo kikuu kilichoundwa kwa sheria ya Bunge la taifa au la jimbo, na taasisi iliyopewa hadhi ya chuo kikuu na serikali, au ile ambayo Bunge limeipa ruhusa maalumu. Kwa hiyo chuo cha kawaida hujishikiza kwa chuo kikuu, kikaitwa chuo shiriki, kama mtoto anayelelewa kwa shangazi. Chuo kinakufundisha, kinakupa hosteli, kinakudai ada. Silabasi, mtihani wa mwisho wa muhula, karatasi ya maksi na cheti chenyewe vinatoka kwa shangazi. Kuna vyuo vichache vilivyopewa uhuru wa kutunga na kusahihisha mitihani yao, lakini hata hivyo juu ya cheti linaandikwa jina la chuo kikuu.

Kwa hiyo maandishi madogo peke yake si dalili ya utapeli. Kinyume chake, barua ya chuo shiriki isiyotaja chuo kikuu chochote ndiyo ya kukutoa jasho. Na ukiwa Bengaluru, soma jina hilo herufi kwa herufi, maana chuo kikuu cha serikali cha zamani, Bangalore University, kiligawanywa vitatu miaka michache iliyopita, na vyuo vyake vikagawanywa pia kama mirathi. Nimeona mhitimu aliyekuja na wasifu wenye jina la chuo kikuu kimoja na cheti chenye jina la kingine. Hakudanganya, hakujua tu kwamba chuo chake kilikuwa kimehamishiwa upande wa pili. Ofisi ya ajira haikumwelewa mpaka alipoleta barua.

Kuna jambo moja ambalo mawakala hawalitaji. Chuo kikuu *binafsi* nchini India hakiruhusiwi kuwa na vyuo shiriki. Kinafundisha kwenye kampasi yake, ndani ya jimbo lake. Hivyo kama lile jina dogo ni la chuo kikuu binafsi cha jimbo lingine, tuseme la kaskazini, na wewe unapelekwa Bengaluru kusini kwenye ghorofa ya tatu juu ya duka la simu, hapo kuna tatizo, hata kama chuo kikuu chenyewe ni halali kabisa huko kwao.

Usidhani nakutisha bure. Mwaka 2002 jimbo la Chhattisgarh lilipitisha sheria iliyorahisisha mno kuanzisha vyuo vikuu binafsi, na kwa muda mfupi vikaota zaidi ya 100, vingine vikiwa ni ofisi ya chumba kimoja. Profesa Yash Pal, mwanafizikia aliyewahi kuwa mwenyekiti wa UGC, akaenda mahakamani. Mwaka 2005 Mahakama ya Juu ikafuta vifungu vya sheria ile na vyuo vikuu hivyo vikapoteza msingi wake. Ikabidi itafutwe njia ya kuwahamishia wanafunzi wao kwenye vyuo vikuu vya serikali. Tangu hapo usimamizi umekaza, lakini UGC bado inalazimika kutoa kila mara orodha ya vyuo vikuu feki, na wala haiwi tupu.

Kukagua ni kazi ya saa moja. Fungua tovuti ya UGC wewe mwenyewe, kwa kuiandika, usibonyeze kiungo ulichotumiwa na wakala. Tafuta chuo kikuu kwenye orodha ya vinavyotambuliwa, kisha kwenye ile ya feki. Halafu nenda tovuti ya chuo kikuu hicho, tafuta orodha ya vyuo shiriki, uone kama chuo chako kimo, na kama kimeruhusiwa kufundisha *BCA*. Chuo kinaweza kuwa na ruhusa ya B.Com na kisiwe na ya BCA. Tangu mwaka wa masomo 2024/25 kozi za BCA na BBA zimewekwa pia chini ya AICTE, baraza linalosimamia elimu ya ufundi na teknolojia, kwa hiyo omba na barua ya kibali chao. Mwisho, mwandikie msajili barua pepe, kwa anwani iliyo kwenye tovuti, umtajie namba ya barua yako ya udahili na umuulize kama anaitambua. Wahindi wa ofisi za vyuo huchelewa kujibu, lakini hujibu.

Tuje kwenye miaka.

Tangu zamani, shahada ya kawaida ya India, BA, BSc, B.Com, BCA, ni ya miaka mitatu. Uhandisi ni minne, famasia minne, uuguzi minne, usanifu majengo mitano, sheria mitano ukiingia moja kwa moja kutoka shule, udaktari minne na nusu pamoja na mwaka wa mafunzo kazini. Mwaka 2020 serikali ilipitisha sera mpya ya elimu, na Desemba 2022 UGC ikatoa mwongozo wa namna ya kuitekeleza kwenye zile shahada za miaka mitatu. Maneno ya wakala kuhusu kutoka mwaka wa kwanza na wa pili yametoka humo, hajayatunga. Mwongozo unahesabu krediti, takriban 20 kwa muhula. Ukifikisha 40 na kufanya kozi fupi ya ufundi wakati wa likizo unaweza kutoka na cheti, 80 kwa sharti hilohilo diploma, 120 shahada, 160 shahada ya ‘Honours’. Mwenye wastani wa asilimia 75 na zaidi katika mihula sita ya kwanza anaweza kuutumia mwaka wa nne kufanya utafiti. Aliyetoka mapema ana miaka mitatu ya kurudi, na yote yakamilike ndani ya miaka saba. (Hiyo ‘Honours’ usiitafsiri kuwa shahada ya heshima ukifika kijijini. Watadhani umetunukiwa kama mheshimiwa waziri.)

Kwa hiyo mwaka wa nne si kitu unachonunua leo. Unaingia mlango uleule na wenzako, na uamuzi unaufanya mwishoni mwa muhula wa sita, ukiwa na maksi zako mkononi. Wakala anayekutoza bei ya miaka minne kwa mkupuo anakuuzia chakula cha keshokutwa.

Lakini kuna jambo linalonitia shaka zaidi. Karnataka, jimbo ambalo Bengaluru ndiyo makao yake makuu, lilikuwa la kwanza kuanza mfumo wa miaka minne, mwaka 2021. Serikali ya jimbo ikabadilika, na mwaka 2024 ikaamuru vyuo vikuu vyake virudi kwenye miaka mitatu. Kerala, jirani yake, ikaanza miaka minne mwaka huohuo. Tamil Nadu imeikataa sera hiyo tangu mwanzo. Maana yake, kama lile jina la maandishi madogo ni la chuo kikuu cha serikali ya Karnataka, basi ‘miaka minne yenye milango’ unayosimuliwa huenda imetoka kwenye kipeperushi cha zamani. Kama ni chuo kikuu binafsi cha Bengaluru, kinaweza kweli kuwa na minne. Muulize msajili swali hili hili: mwanafunzi anayeingia mwaka huu anasoma kwa muundo upi? Taka jibu kwa maandishi.

Na ile milango ya mwaka wa kwanza na wa pili, nakuomba usiiweke kwenye bajeti. Kwa kijana wa Bengaluru aliyefiwa na baba akalazimika kwenda kazini, ni msaada mkubwa, maana zamani angeondoka mikono mitupu. Kwako wewe ni mlango wa dharura. Cheti cha mwaka mmoja cha chuo cha India, ukikipeleka kwa mwajiri wa Mwanza au kwenye sekretarieti ya ajira, hakina mahali pa kukaa. Hata diploma ya miaka miwili itabidi uitolee maelezo marefu. Kama familia ina fedha za mwaka mmoja au miwili tu, tafuta diploma hapa nyumbani. Nauli ya ndege peke yake itakulipia mengi.

Sasa bamdogo. Mheshimu, lakini katika hili amechanganya habari mbili. Hapa Tanzania TCU, tume yetu ya vyuo vikuu, haikatai shahada kwa sababu ni ya miaka mitatu. Ingewezaje, na shahada nyingi za Dar es Salaam na Mzumbe ni za miaka mitatu pia? TCU huangalia kama chuo kimetambuliwa na mamlaka ya nchi yake, na kama wewe ulikuwa na sifa za kuingia chuo kikuu ulipoanza. Kwa mfumo wetu sifa ya chini ni masomo mawili ya ‘principal’ yenye jumla ya pointi 4, pale A ikiwa 5 na E ikiwa 1. Wewe una C, C na D, yaani 3, 3 na 2, jumla 8. Upo salama. (Hizi si zile pointi 10 za NECTA, baraza letu la mitihani, ambako ndogo ndiyo nzuri. Watu wazima na akili zao huchanganya hapa.)

Maneno ya bamdogo yametoka kwa watu waliokwenda Marekani. Vyuo vingi vya huko, kwa shahada ya uzamili, hutaka miaka 16 ya masomo, na Mhindi ana 12 ya shule na mitatu ya chuo, jumla 15, akaambiwa pungufu. Wewe una 13 ya shule, saba ya msingi, minne na miwili, ukiongeza mitatu unapata 16. Usifurahi haraka lakini. Watathmini wengi hawahesabu miaka yako wewe, huangalia urefu wa shahada yenyewe, na ‘miaka mitatu, India’ inawafanya wakunje uso. Kwa hiyo kama ndoto yako ni uzamili Marekani, mwaka wa nne una thamani ya kweli. Kama ni kurudi na kufanya kazi, au kusoma uzamili India au hapa, mitatu inatosha. Huko India kwenyewe hesabu hujifidia: mwenye mitatu husoma uzamili miaka miwili, mwenye minne mmoja.

BCA si uhandisi. Hapa wakala amekudanganya, au yeye mwenyewe hajui, na sijui lipi ni baya zaidi. BCA ni shahada ya matumizi ya kompyuta: utasoma kuandika programu, hifadhidata, mitandao, hisabati kidogo. Uhandisi wa kompyuta ni B.Tech au BE, miaka minne, na msingi wake wa kawaida ni Fizikia na Hisabati. Fizikia huna. Bodi yetu ya Usajili wa Wahandisi haitakusajili kwa BCA. Hilo halina ubaya wowote kama unataka kuandika programu, kwa sababu mwandika programu hahitaji usajili wa bodi, anahitaji kazi zinazoonekana. Nimewaona vijana wa BCA wenye kazi nzuri kuliko wahandisi wenye muhuri. Chagua tu ukijua unachochagua. Na kwa kuwa umetaja kompyuta: IIT Madras, moja ya taasisi kubwa za teknolojia za serikali ya India, ilifungua kampasi Zanzibar mwaka 2023, ya kwanza kwa taasisi za IIT nje ya India, na inafundisha shahada ya miaka minne ya sayansi ya data na akili unde. Inachuja kwa mtihani na usaili. Hisabati yako ya D itakupa kazi pale, sikufichi, lakini usiache kuisoma tovuti yao kabla ya kuvuka bahari.

Jambo dogo linaloharibu faili za Watanzania wengi ni asilimia. India hufikiri kwa asilimia: ‘asilimia 50 ya darasa la 12’. NECTA haikupi asilimia, inakupa herufi. Wakala husema, usijali, nitakujazia. Akakujazia 78. Wewe una C mbili, na C ya NECTA ni 60 hadi 69, D ni 50 hadi 59. Huwezi kuwa na 78 hata kwa maombi ya mfungo. Siku cheti chako kikihakikiwa, tofauti hiyo itasomeka kama kughushi, na anayefukuzwa ni mwanafunzi, wakala hayupo. Peleka cheti kama kilivyo pamoja na ukurasa wa NECTA unaoonyesha madaraja na viwango vyake. Alama zako zinatosha kwa BCA bila kupakwa rangi.

Mdogo wako abaki. Hapa sina maneno ya kupima huku na huku. India inataka miaka 12 ya shule kabla ya shahada. Kidato cha Nne cha Tanzania ni miaka 11. Uvumi huu una asili yake: Mkenya wa mfumo wa 8-4-4 anapomaliza Kidato cha Nne amesoma miaka 12, kwa hiyo KCSE yake, cheti cha taifa cha sekondari cha Kenya, inapokelewa, na yeye huingia India na cheti kinachoitwa jina hilohilo, ‘Form Four’. Mawakala wa kwetu wakaichukua hadithi ya Nairobi wakaileta Kariakoo. Chuo kisichojali kinaweza hata kumpokea. Atasoma, atahitimu, atavaa joho, kisha atafika TCU, nao watamuomba cheti cha Kidato cha Sita au diploma. Hana. Hiyo ndiyo shahada ya kabatini anayoiogopa bamdogo. Kijana aende Kidato cha Tano, au diploma ya miaka mitatu, halafu tuzungumze.

Nikwambie na habari ya muda, kwa sababu iliniumiza mwenyewe. Matokeo ya Kidato cha Sita hutoka Julai. Vyuo vya India hufungua Julai na Agosti. Ukijumlisha mafunzo ya JKT, pasi ya kusafiria na viza, Mtanzania hufika Septemba mwishoni, muhula ukiwa umeshakwenda nusu. Mimi nilifika namna hiyo. Hakuna aliyeniambia kwamba kwenye vyuo vingi vya India huna ruhusa ya kukaa kwenye mtihani kama hujahudhuria asilimia 75 ya vipindi, na kwamba vipindi vya kabla hujafika chuo changu kilivihesabu. Nikaugua homa wiki moja Oktoba. Wiki mbili kabla ya mtihani orodha ikabandikwa kwenye mlango wa ofisi ya idara, majina yamepigwa mstari kwa kalamu nyekundu, langu la nne kutoka juu: 68. Nikamfuata mkuu wa idara na cheti cha hospitali. Akakisoma mpaka mwisho, akanirudishia, akaniambia kwa upole, “Njoo mwaka ujao.” Alimaanisha mwaka kweli, si muhula, kwa sababu masomo ya muhula wa kwanza hufanyiwa mtihani tena muhula wa kwanza wa mwaka unaofuata. Kwetu tungesema nimepewa sapu, lakini sapu angalau unaifanya Septemba.

Kwa hiyo ukichelewa, kabla hujapanda ndege pata barua ya chuo inayosema mahudhurio yako yatahesabiwa kuanzia siku ulipojisajili. Au ahirisha uanze mwaka ujao. Najua neno ‘ahirisha’ ni chungu kwa aliyemaliza shule, lakini mwaka huo mmoja una faida nyingine: ufadhili wa kweli. Serikali ya India, kupitia baraza lake la uhusiano wa kitamaduni, ICCR, hutoa nafasi kwa wanafunzi wa Afrika: ada, posho ya mwezi, posho ya pango. Maombi hufanyika mtandaoni miezi ya mwanzo ya mwaka, wakati wewe ulikuwa unajiandaa na mtihani wa Mei. Mwakani utakuwa na cheti mkononi. Haigharamii udaktari, lakini kompyuta imo. Hakuna wakala anayeweza kukupatia, na anayesema anaweza anataka pesa zako.

Ule ‘ufadhili wa nusu ada’ wa barua yako ni punguzo tu. Duka limeandika 40,000, likafuta, likaandika 20,000. Pima ile bei ya mwisho. Uliza kama punguzo ni la miaka yote au la kwanza tu, na linakufa ukipata alama gani. Uliza ada ya mitihani, hosteli, na ‘ada ya mwanafunzi wa kigeni’ ambayo hupenda kujitokeza siku ya usajili. Pesa yoyote iende kwenye akaunti ya benki yenye jina la chuo, kamwe si ya mtu. Na ondoa kabisa mawazo ya kwamba utafanya vibarua ujilipie: viza ya mwanafunzi ya India hairuhusu kazi. Siku hizi pia, kwa viza hiyo, hutakiwa uwe umejiandikisha kwenye mfumo wa serikali yao uitwao Study in India na kupata namba. Kama wakala hajakutajia namba hiyo, muulize kwa nini. Ukifika, una siku 14 za kujisajili na ofisi ya wageni, FRRO, na wanaozipuuza hulipa faini.

Mengine hayawezi kumalizwa kwa maandishi. Nenda TCU kabla ya kulipa, na baba akiwepo. Beba cheti au matokeo ya NECTA ya vidato vyote viwili, barua ya udahili na jina kamili la chuo kikuu. Omba mambo mawili: wakuambie kama wakala huyo yumo kwenye orodha ya waliosajiliwa kupeleka wanafunzi nje, na wakueleze utaratibu wa kupata cheti cha kutokuwa na pingamizi kwa anayekwenda kusoma nje. Wakikwama kwenye chuo chako hapo mwanzo, umeokoa kiwanja. Kama utakuwa Dar mwezi Julai, maonesho ya vyuo vikuu pale Mnazi Mmoja hukusanya vyuo vya India na mawakala wao uwanja mmoja, na ni rahisi kumuuliza mtu swali gumu akiwa amekaa meza moja na mshindani wake. Kama tayari kuna pesa imetoka mkononi mwenu na hukunitajia, usione haya, peleka risiti na ujumbe wa simu TCU na polisi wiki hii hii.

Leo jioni mtumie wakala ujumbe wenye maswali matatu tu. Cheti changu kitaandikwa jina la chuo kikuu gani? BCA ya wanaoingia mwaka huu ni ya miaka mingapi kwa mujibu wa chuo kikuu hicho? Mahudhurio yangu yataanza kuhesabiwa tarehe gani? Mwambie ajibu kwa maandishi, na akipiga simu badala ya kuandika, mjibu kwamba unasubiri ujumbe. Halafu mwambie baba amweleze mnunuzi wa kiwanja kwamba mazungumzo yataendelea baada ya TCU.